Kabla Hujagawa Shamba Lililo Jirani na Mashine

Ukitaka kujua kama shamba limegawanywa kwa busara, usilitazame siku mpimaji anapofukia bikoni. Lisubiri msimu wa kwanza wa mavuno baada ya watu kuhamia. Pale Igurusi, Rujewa au Ubaruku, wilayani Mbarali, mpunga ukishaanza kutoka mashambani mashine za kukoboa hazipumziki. Fuso zinapanga foleni tangu alfajiri, turubai za kuanikia zinatandazwa hadi kando ya njia, na nyuma ya banda la mashine lundo la pumba linapanda mpaka linakaribia usawa wa bati. Upepo ukigeuka, vumbi la pumba linaingia dirishani, linatua kwenye sufuria, kwenye nguo zilizo kambani na kifuani mwa mtoto mwenye pumu. Aliyenunua kiwanja mwezi wa Februari, wakati mashine imelala, anaona ametapeliwa. Mwenye mashine, aliyekuwa hapo kabla ya nyumba zote, anaona amevamiwa.

Wote wawili wana haki ya kulalamika, lakini mara nyingi wanalaumiana bure. Mtu wa tatu, aliyeligawa shamba na kuondoka na fedha, ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuzuia ugomvi ule kwa gharama ndogo, na hakufanya hivyo. Kwa hiyo ushauri huu unaanza na yeye, kisha unakwenda kwa mnunuzi, kwa mwenye mashine na kwa viongozi wa kijiji na mtaa. Kiini chake ni vitu vitatu: nafasi, njia na maandishi. Siku ya kugawa shamba, vitu hivi vinapatikana kwa kikao kimoja na kamba ya kupimia. Nyumba ya kwanza ikishapigwa msingi, kila kimoja kinahitaji wakili.

Kwa nini mashine haihami kirahisi

Sentensi inayosemwa upesi kwenye mikutano ya wakazi ni hii: "Mashine ihamishwe ipelekwe eneo la viwanda." Inasikika kuwa ya haki. Lakini kabla ya kuipigia makofi, tazama kinachofanyika ndani ya banda.

Mazao mengi hutoka shambani yakiwa mazito na yanayoharibika. Katika kilo 100 za mpunga, mchele ni kama kilo 65 na pumba ngumu za nje ni kama kilo 20. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu, na nyingine zote ni maji na makapi. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa, la sivyo inachacha na kupoteza ubora. Miwa iliyokatwa hupoteza sukari kila siku inayokaa bila kusagwa. Ndiyo sababu korona za mkonge, yaani mitambo ya kuchakata majani yake, zilijengwa katikati ya mashamba ya Korogwe na Muheza, na mitambo ya kumenya kahawa ikawekwa vijijini huko Mbinga, Mbozi na Kilimanjaro. Ukiisogeza mashine kilomita 30, mkulima atalipia nauli ya pumba na maji, na nauli hiyo itatolewa kwenye bei ya gunia lake.

Kwa hiyo mashine ni sehemu ya shamba kama ulivyo mfereji wa maji. Familia inayogawa ekari zake tano kwa makazi na kubakiza kumi za kilimo inaweza kujikuta imewaleta majirani watakaoifunga mashine ambayo ekari kumi zilizobaki zinaitegemea. Hilo ndilo jambo ambalo hesabu ya bei ya viwanja huwa haionyeshi.

Kwa familia inayotaka kugawa

Anzeni na mamlaka. Kama shamba ni la marehemu, hakuna mtoto, mjomba wala mjane anayeweza kuuza kipande halali kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kwanza tu ya kumpendekeza msimamizi. Kama shamba ni la wanandoa, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Viwanja vingi vilivyo kando ya mashine viliuzwa haraka na mtoto mmoja aliyetaka fedha kabla ndugu zake hawajajua, na haraka hiyo ndiyo iliyozuia mtu yeyote kufikiria vumbi wala njia.

Pili, jueni ardhi yenu iko katika fungu gani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatofautisha ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ikiwa mna hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji, kumhamishia mtu mwingine kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Ikiwa eneo limeshatangazwa kuwa la mipangomiji, na vijiji vingi vya pembezoni mwa miji vimeshaingizwa humo bila wakazi kutambua, basi Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inawataka muombe kibali cha kubadili matumizi kutoka shamba kuwa makazi. Nendeni idara ya ardhi ya halmashauri mkaulize maswali mawili: eneo letu limepangiwa matumizi gani, na eneo la mashine limepangiwa matumizi gani? Jibu la swali la pili ndilo linalosahaulika. Ikiwa mchoro unaonyesha hapo ni viwanda vidogo, mnajua mashine haitaondoka. Ikiwa unaonyesha makazi, mnajua kuna mgogoro unaokuja na ni vizuri uzungumzwe mapema.

Tatu, pimeni kuanzia kwenye mashine yenyewe. Mpaka wa shamba hauonyeshi kelele zinatoka wapi. Simameni kwenye injini, kwenye lundo la pumba, kwenye shimo la maji machafu, kisha pimeni kwenda kwenu. Sauti inayotoka mahali pamoja, katika uwanja wa wazi, hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu. Maana yake ni kwamba nyumba iliyo mita 100 kutoka kwenye injini inapata nafuu ya desibeli 12 kuliko iliyo mita 25. Mstari mmoja wa michongoma au mikrismasi hausaidii kitu kwa sauti, ingawa majani mazito hukamata vumbi. Kinachozuia sauti ni ukuta mzito uliojengwa karibu na injini, usio na matundu.

Angalieni pia upepo. Mpunga wa nyanda za juu kusini huvunwa na kukobolewa kwa wingi wakati wa kusi, upepo unapotoka kusini mashariki. Kwa kawaida, basi, upande wa kaskazini magharibi wa mashine ndio unaokula vumbi. Milima na mabonde hubadili mambo, kwa hiyo fungeni kitambaa chepesi kwenye mti mrefu mkitazame asubuhi, mchana na jioni kwa siku kadhaa za msimu. Kwa harufu, kumbukeni mteremko: usiku hewa baridi hushuka bondeni, na harufu ya maganda ya kahawa au makapi ya mkonge yanayooza hushuka nayo. Nyumba iliyo chini ya mtambo itaamka na harufu hata kama iko mbali.

Nne, choreni mpango kwa ngazi. Tuseme shamba lenu lina upana wa mita 100 na urefu wa mita 200, ambazo ni ekari 5 hivi, na upande mmoja wa mita 100 unapakana na mashine. Acheni ukanda wa mita 30 upande huo. Ni mita za mraba 3,000 kati ya 20,000, yaani asilimia 15 ya shamba. Dalali atawaambia mnatupa viwanja saba vya mita 20 kwa 20. Mjibuni kwamba hamvitupi. Ukanda huo unafaa ghala la kukodisha kwa wafanyabiashara wa mpunga, uwanja wa kuanikia, maegesho ya malori, fremu za maduka, karakana au kitalu cha miti. Mwenye mashine mwenyewe mara nyingi anatafuta nafasi ya kuanikia na angelipa kodi kila msimu. Kiwanja cha makazi kinauzwa mara moja, lakini uwanja wa kuanikia unalipa kila mwaka na haumletei mtu pumu. Baada ya ukanda huo wekeni barabara, kisha ndipo nyumba zianze.

Kama shamba ni ekari moja tu na limegusana na mashine, semeni ukweli: halifai kwa makazi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mkitoa ukanda wa mita 20 upande wa mashine na njia ya mita 6, karibu viwanja vinne kati ya kumi vimekwenda. Afadhali kulikodisha au kuliuza kwa shughuli za biashara kuliko kulikata vipande vya makazi ambavyo walio navyo watavijutia.

Tano, njia. Watu hugawa kwa hatua ishirini ishirini, wakabakiza kichochoro cha kupita bodaboda. Kisha lori lenye tani kumi linakuja kuchukua mchele, linakata kona, na kona ya ukuta wa jirani inakwenda. Ikiwa malori yamezoea kupita ndani ya shamba lenu kwenda kwenye mashine, hiyo njia iwekwe kwenye mchoro kwa upana wake na mahali pa kugeuzia. Msiiuze mkidhani wataizoea njia nyingine. Wala msiielekeze katikati ya makazi ambako watoto watacheza, bali ipite kwenye ule ukanda wa pembeni.

Sita, maji na umeme. Kama mtambo ni wa kahawa au mkonge, ulizeni maji ya kuoshea yanakwenda wapi kabla hamjamuuzia mtu kiwanja atakachochimba kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katazo hilo linamhusu mwenye mtambo kama linavyomhusu anayejenga nyumba. Kuhusu umeme, mota kubwa ya mashine huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida yake inapowashwa. Nyumba zikiunganishwa kwenye transfoma hiyohiyo, taa zitafifia kila mashine inapoamka na friji zinaweza kuharibika. Ombeni shirika la umeme litenganishe laini ya makazi na ya mashine kabla watu hawajahamia.

Saba, andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari, na amani ya jirani nayo ni mali. Katika kila mkataba wa mauziano wekeni kifungu cha namna hii:

"Mnunuzi ameonyeshwa na anafahamu kwamba upande wa mashariki wa kiwanja, umbali wa mita 85, ipo mashine ya kukoboa mpunga inayofanya kazi, hasa kati ya mwezi Juni na Oktoba. Mashine hiyo hutoa kelele na vumbi, na malori hupita katika njia yenye upana wa mita 9 iliyoonyeshwa kwenye mchoro. Mnunuzi ametembelea eneo wakati mashine ikifanya kazi. Kifungu hiki hakimwondolei mwenye mashine wajibu wake wa kufuata sheria za afya na mazingira."

Sentensi ya mwisho ni muhimu. Bila hiyo kifungu kinakuwa cha kumfunga mnunuzi mdomo, na hakuna mkataba wa kiwanja unaoweza kumruhusu mtu wa tatu kuchafua hewa.

Kwa msomaji wa Kenya

Hali ni ileile katika Kiambu, ambako mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa, na Tatu City yenyewe inajengwa Ruiru katika ardhi iliyokuwa ya kahawa. Kwenu, ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti haigawanywi wala kuuzwa bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi chini ya Sura ya 302. Maombi yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, na bila idhini hiyo mauziano ni batili. Bodi hutakiwa kutazama kama mgawanyo utapunguza uzalishaji wa shamba. Hapo ndipo mahali pa kuieleza kwamba kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika kiko jirani na kinategemewa na wakulima wengine. Mbali na bodi, kaunti ndiyo inayotoa ruhusa ya mgawanyo na ya kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mkiwa na pingamizi, lipelekeni wakati maombi yangali mezani.

Kwa anayenunua kiwanja

Nenda mara tatu: mchana wa siku ya kazi, usiku, na wakati wa msimu. Kama huwezi kusubiri msimu, kaa na mama anayeuza maandazi kando ya mashine na umuulize mwezi wa Agosti pakoje. Yeye hana sababu ya kukudanganya. Pitisha kidole juu ya majani ya migomba iliyo kwenye kiwanja. Vumbi la pumba lina rangi ya dhahabu iliyofifia na hukwaruza. Tazama mabati ya nyumba za karibu, hasa kwenye mifereji ya mvua. Kama kuna alama ya moto kwenye lundo la pumba, jua kwamba huchomwa, na pumba hufuka moshi kwa siku nyingi bila kuzimika.

Ingia kwa mwenye mashine umsalimie. Mwambie: "Mzee, nataka kuwa jirani yako. Mnafanya kazi saa ngapi, na mna mpango wa kuongeza mashine nyingine?" Ni swali la heshima na jibu lake lina thamani kuliko maneno yote ya dalali. Dalali akikuambia mashine iko mbioni kuhamishwa, mwombe barua ya halmashauri inayosema hivyo. Bila barua, hesabu kwamba itabaki.

Kagua mchoro wa mipangomiji na ramani ya upimaji katika ofisi ya ardhi, usitosheke na nakala iliyo kwenye simu ya muuzaji. Hakikisha njia ya malori haipiti mbele ya geti lako. Na kama bei ya kiwanja ni nusu ya bei ya viwanja vya mtaa wa pili, tambua kuwa ile nusu nyingine ndiyo kelele. Waweza kuikubali kwa akili zako timamu: ukajenga na madirisha ya vyumba vya kulala upande usioelekea mashine, ukaacha choo na stoo upande wa vumbi, ukapanda miti. Wapo wanaoishi hivyo kwa amani, na hata kufungua biashara ya chakula kwa ajili ya vibarua. Usinunue kwa nusu bei ukiwa na nia ya kuwafukuza wengine baadaye ili kiwanja chako kipande thamani. Hiyo ni dhuluma kwa mwenye mashine na kwa kila mkulima anayemtegemea.

Kwa mwenye mashine

Kuwa wa kwanza kufika ni hoja nzito, lakini haikupi leseni ya kuwatia watu vumbi vifuani. Sheria ya Mazingira ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haisemi kwamba haki hiyo ni ya waliotangulia tu. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema vivyo hivyo katika ibara ya 42.

Ipo kesi ya Marekani inayofaa kukumbukwa, ingawa haizifungi mahakama zetu. Katika jimbo la Arizona, kampuni ya Spur ilikuwa na mazizi makubwa ya kunenepesha ng'ombe katika eneo la kilimo. Mjenzi Del Webb akanunua mashamba na kujenga mji wa wazee uitwao Sun City, ukazidi kusogea mpaka nyumba zikafikiwa na inzi na harufu ya mazizi. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mambo mawili kwa pamoja: mazizi yahame kwa ajili ya afya ya wakazi, na Del Webb, aliyewaleta watu hapo, alipe gharama ya kuhama. Ninaiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Aliyetangulia hakuruhusiwa kuendelea kuwadhuru watu, na aliyefaidika na kuuza viwanja hakuruhusiwa kumtwisha mwenzake gharama zote.

Kwa hiyo jiandae ungali peke yako. Tunza karatasi zinazoonyesha ulianza lini: leseni ya biashara, mkataba wa umeme, cheti cha mazingira, muhtasari wa kijiji uliokupa eneo. Jenga chumba kilichofunikwa cha kupokelea pumba, na bomba la kupuliza lielekee humo badala ya hewani. Weka saikloni ya kukamata vumbi; mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza kwa bati. Usichome pumba. Wauzie wafyatua matofali na wafugaji wa kuku, au hata uwagawie bure, maana kila kiroba kinachotoka ni malalamiko yaliyopungua. Ukihama kutoka injini ya dizeli kwenda mota ya umeme, kelele na moshi hupungua sana. Ukibaki na injini, nunua kizuia sauti kizuri na uizungushie ukuta wa tofali. Bandika saa za kazi getini na uzishike. Kama una uwezo, nunua au kodi ukanda wa ardhi unaokuzunguka kabla haujatangazwa kuwa viwanja.

Na ukisikia jirani anataka kugawa shamba, usisubiri. Nenda siku hiyohiyo na barua, nakala kwa halmashauri ya kijiji, ukieleza kazi yako, saa zako na njia ya malori yako. Barua hiyo iliyopokelewa kwa muhuri itakusaidia kuliko mashahidi kumi wa baadaye.

Kwa viongozi wa kijiji na mtaa

Ninyi ndio mnaogonga muhuri, na muhuri wenu unaweza kuanzisha ugomvi wa miaka ishirini. Kabla ya kushuhudia mauziano ya kipande kilicho karibu na mashine, ombeni mchoro wenye umbali, njia na ukanda wa pembeni. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya 2007 ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, ndiyo silaha yenu kubwa. Humo mnaweza kutenga eneo la usindikaji na ukanda wa kuzuia makazi, na ukishapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, hakuna atakayesema mnamwonea mtu. Kama mpango wa kijiji chenu ni wa zamani au haupo, uombeni sasa, wakati bado kuna shamba la kupanga. Kiongozi mwenye kiwanja au hisa katika jambo linalozungumzwa atangaze wazi na atoke kwenye maamuzi.

Ugomvi ukiwa umeshaanza

Pengine unasoma haya ukiwa tayari ndani ya moto. Anza kwa kutenganisha kero. "Mashine inatusumbua" ni maneno ambayo hakuna afisa anayeweza kuyafanyia kazi. Andika daftari: tarehe, saa, nini hasa, kelele au vumbi au moshi au lori, na upepo ulikuwa unatoka wapi. Wiki mbili za msimu zinatosha kuonyesha kwamba, kwa mfano, shida yenyewe ni pumba zinazochomwa usiku, wala si mashine nzima. Shida ya namna hiyo ina dawa bila kumfukuza mtu.

Kisha nendeni mkazungumze, watu wachache, mkiongozwa na mzee anayeheshimiwa pande zote. Pelekeni maombi yanayopimika: mashine izimwe saa mbili usiku isipokuwa wiki nne za kilele cha mavuno, pumba zisichomwe, malori yapite njia ya mashariki tu. Mwenye mashine naye aombe kitu: watoto wasicheze uwanja wa kuanikia, njia isizibwe kwa magari wala vifusi. Andikeni muhtasari, wote wasaini, nakala kwa mtendaji. Wekeni tarehe ya kuupitia upya baada ya msimu.

Ikishindikana, mlalamikie afisa mazingira wa halmashauri, na kwa vumbi na moshi mshirikishe pia afisa afya. Juu yao ipo taasisi ya taifa ya mazingira iliyozoeleka kwa jina la NEMC, yenye ofisi za kanda. Kama mgogoro ni wa mpaka au njia, baraza la kata kwa Tanzania sasa linasuluhisha tu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu, na asiyeridhika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msipotezewe muda na mtu anayewaahidi hukumu ya kata.

Msifunge njia kwa magogo, msikate nyaya, msitupe mawe juu ya bati. Ukifanya hivyo, daftari lako lote linakosa uzito na wewe uliyekuwa mlalamikaji unakuwa mshtakiwa. Na kama aliyewauzia alificha habari za mashine au aliuza njia ya watu, msimsahau. Kuuza kwa kuficha kasoro unayoijua kunaweza kumfanya muuzaji adaiwe. Wakili akiusoma mkataba wenu atawaambia kama dai lenu linaelekea kwake badala ya kwa jirani.

Ombi langu kwa wanaokaa vikao vya familia

Miji yetu itazidi kukua na watoto wetu wanahitaji mahali pa kujenga. Sipingi kugawa mashamba. Ninapinga kugawa kwa kamba na haraka, tukiuza hadi ukutani mwa mashine kana kwamba haipo, kisha tukawaachia maskini wawili, mwenye nyumba ya vyumba viwili na mwenye mashine ya mkopo, wagombane maisha yao yote. Kama kikao chenu kinakaribia, kabla hamjamwita mpimaji mtumeni mtu mmoja ofisi ya ardhi, mwingine akaonane na mwenye mashine, na wa tatu aende na futi ya kupimia kutoka kwenye injini hadi mpakani. Majibu yao watatu yakifika kikaoni, mtagawa mkijua mnachokifanya, na mtakayemuuzia ataweza kukusalimieni mkikutana sokoni mwezi wa Agosti.